Sheria Moja, Ndugu Wawili: Kwa Nini Mita ya Mapinduzi ya Ufaransa Ilipona na Saa Yake Ikafa

Tarehe 7 Aprili 1795 bunge la mapinduzi mjini Paris lilipitisha sheria ya vipimo. Humo ndimo yalimopata nguvu ya sheria majina ambayo muuza mafuta wa Kariakoo na fundi cherehani wa Lubumbashi huyatamka kila siku: mita, lita, gramu. Sheria hiyohiyo ina kifungu kingine ambacho ni nadra kutajwa. Kifungu hicho kinasimamisha, bila kuweka tarehe ya kurejea, saa mpya ya mapinduzi, ile iliyoigawa siku katika saa 10, saa katika dakika 100, na dakika katika sekunde 100.

Si mara nyingi historia inatupa nafasi ya kulinganisha namna hii. Mawazo mawili ya mapinduzi yaleyale, kwa hesabu ileile ya kumi, yanakutana katika sheria moja. Moja limeenea karibu dunia nzima, na la pili lina makaburi yake kwenye kabati za makumbusho. Maelezo ya mkato husema mita ilishinda kwa sababu ni ya kisayansi. Hayatoshi, maana saa ya kumi nayo ilikuwa ya kisayansi, na mwanahisabati Laplace aliitumia katika hesabu zake za mwendo wa sayari. Mita ilipona kwa sababu ilikuta kidonda kilichokuwa kikiuma tayari, na kwa sababu baadaye watawala walikubali kuilegeza, ikavishwa majina ya zamani, hadi watu wakasahau kwamba ni mali ya mapinduzi.

Ndoo ya bwana

Kabla ya 1789 mkulima wa Ufaransa alimlipa kabaila wake sehemu ya mavuno kwa kipimo kilichoitwa boisseau, ndoo ya mbao ya mviringo. Idadi ya ndoo ilikuwa imefungwa na mila. Babu alitoa sita, baba alitoa sita, na bwana hakuweza kudai ya saba bila kuzua kesi. Lakini ndoo yenyewe ilikaa kwa bwana, na hapo ndipo palipokuwa na mchezo.

Wazee wa pwani walitenganisha kibaba cha mfuto, kilichopitishiwa kijiti juu kikawa sawa na ukingo, na kibaba cha tele, kilichorundikwa hadi kikafanya kilima. Tofauti hiyohiyo ilikuwapo Ufaransa, na ukubwa wake unaweza kuuhesabu. Ngano ikimwagwa hutulia kwa mteremko wa takribani nyuzi 25. Chombo ambacho upana wake ni sawa na kimo chake, kilima cha juu huongeza karibu asilimia 8 ya ujazo. Chukua chombo cha ujazo uleule, ukifanye kiwe bapa, upana mara tatu ya kimo, kilima kinafika asilimia 23. Hakuna aliyeongeza idadi ya ndoo. Seremala tu ndiye aliyetengeneza ndoo pana zaidi. Kuna na njia nyingine: nafaka ikimwagwa kutoka kimo cha bega hushindiliwa kwa uzito wake na kuingia nyingi kuliko ikimwagwa kutoka kimo cha nyonga. Kwa hiyo bwana aliyekuwa akipokea alitaka imwagwe kutoka juu na irundikwe, na alipokuwa akiuza alitaka imwagwe taratibu na ifutwe.

Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba Ufaransa ilikuwa na majina kama 800 ya vipimo, na ukihesabu tofauti za mji hadi mji unapata zaidi ya vipimo 250,000. Mwaka 1789 mfalme alipotaka kila jimbo liandike malalamiko yake, ombi la kipimo kimoja lilijirudia katika madaftari mengi mno. Ila liangaliwe vizuri ombi lenyewe. Wakulima walitaka ndoo moja isiyobadilika, basi. Hakuna aliyeomba mgawanyo wa kumi, wala kipimo kilichotolewa kwenye umbo la dunia. Pengo hilo kati ya kilichoombwa na kilichotolewa ndilo litakaloleta taabu ya miaka arobaini.

Kuipima dunia katikati ya vita

Mwaka 1790 mbunge Talleyrand alipeleka bungeni pendekezo la kwanza: kipimo kitokane na urefu wa pendulamu, uzito unaobembea kwenye uzi, inayopiga sekunde moja. Wazo zuri, na lina tatizo lililojulikana tangu 1672, mwanaastronomia Jean Richer alipofika Cayenne, Amerika ya Kusini karibu na ikweta, na kukuta saa yake iliyorekebishwa Paris inachelewa karibu dakika mbili na nusu kwa siku. Mvutano wa dunia ni hafifu zaidi karibu na ikweta, kwa hiyo pendulamu ya sekunde ina urefu tofauti kila latitudo. Ungelazimika kuchagua mahali pamoja, na kila taifa lingetaka pawe kwake.

Machi 1791 kamati ya wanasayansi Borda, Lagrange, Laplace, Monge na Condorcet ikachagua njia nyingine. Mita iwe sehemu moja ya milioni 10 za umbali kutoka ncha ya kaskazini hadi ikweta. Kipande cha kupimwa kilikuwa kutoka Dunkerque, kaskazini mwa Ufaransa, hadi Barcelona, Hispania, zaidi ya kilomita 1,000, kikiwa pande zote mbili za latitudo 45 na ncha zote zikiwa usawa wa bahari. Sababu ni za kiufundi na ni nzuri. Hata hivyo karibu mstari wote ulipita ndani ya Ufaransa, na Thomas Jefferson, waziri wa mambo ya nje wa Marekani aliyekuwa akiipenda pendulamu, akajitoa, na Waingereza nao wakabaki pembeni. Kipimo kilichotangazwa kuwa cha watu wote kilianza kwa kupoteza mataifa mawili makubwa ya biashara, na hasara hiyo Marekani haijaimaliza hadi leo.

Kazi ilianza Juni 1792. Jean-Baptiste Delambre alichukua upande wa kaskazini hadi Rodez, Pierre Méchain wa kusini. Ulichagua vilima na minara ya makanisa inayoonana, ukapima pembe kati ya kila kituo na viwili vingine, ukaendelea pembetatu baada ya pembetatu. Ukijua urefu wa upande mmoja tu, pande nyingine zote zinatoka kwa hesabu. Upande huo mmoja ulipimwa ardhini karibu na Melun, kilomita 12 hivi, na mwingine wa kuhakiki karibu na Perpignan. Fimbo za kupimia zilikuwa za platini, kila moja karibu mita 3.9. Juu ya kila fimbo palikuwa na ukanda wa shaba uliofungwa upande mmoja tu. Shaba hutanuka kwa joto kuliko platini, kwa hiyo kusogea kwa ncha ya ukanda kulisomwa kama kipimajoto na urefu ukasahihishwa. Kwa kilomita 12 fimbo iliwekwa chini mara 3,000 hivi, na fimbo mbili hazikugusanishwa kamwe. Ulimi mwembamba ulisogezwa kuziba nafasi, ili ya nyuma isisukumwe hata kwa unywele.

Mapinduzi yenyewe ndiyo yaliyokuwa kikwazo kikubwa. Mtu anayepanda mnara na darubini wakati majeshi ya kigeni yanaingia nchini anashukiwa. Delambre alikamatwa na kuhojiwa zaidi ya mara moja. Alitundika kitambaa cheupe ili kituo kionekane mbali, watu wakaona rangi ya mfalme, ikabidi aongeze kitambaa chekundu na cha buluu. Agosti 1793 Akademia ya Sayansi ilivunjwa. Miezi michache baadaye Delambre, Borda, Laplace na mwanakemia Lavoisier waliondolewa katika tume kwa madai kwamba hawakuonyesha chuki ya kutosha kwa wafalme. Lavoisier alikatwa kichwa Mei 1794. Serikali, iliyotaka mita haraka, ilikuwa imeshatangaza ya muda mwanzoni mwa Agosti 1793 kwa kutumia vipimo vya zamani vya 1740.

Méchain alikuwa na mzigo wa aina nyingine. Alipima latitudo ya Barcelona kutoka ngome ya Montjuïc, kisha vita ya Ufaransa na Hispania ikamfungia mjini, akapima tena kutoka nyumba ya wageni iliyo karibu. Majibu mawili yalitofautiana kwa sekunde tatu hivi za nyuzi (sekunde hiyo ni sehemu moja ya 3,600 za nyuzi), karibu mita 100 ardhini. Kifaa chake, duara la Borda, kilirudia pembe ileile mara nyingi na kugawanya jumla, hivyo makosa madogo ya kusoma yalifutana. Alichokuwa hakijui, na hakuna aliyekijua vizuri wakati huo, ni kwamba kurudia hakufuti kosa linaloegemea upande mmoja kila mara. Alilificha jambo hilo hadi alipofariki mwaka 1804, na Delambre akalikuta kwenye makaratasi yake. Mwaka uliofuata mwanahisabati Legendre alichapisha njia ya miraba midogo, namna ya kupata jibu bora kutoka vipimo vinavyopingana, akautumia mstari huohuo wa Dunkerque hadi Barcelona kama mfano. Takwimu nyingi zinazotumiwa leo kuchora mstari kupitia data zilizotawanyika zinapitia hapo. Binafsi naona hili ni tunda kubwa kuliko mita yenyewe.

Mita ya mwisho iliwekwa kwenye Hifadhi ya Nyaraka tarehe 22 Juni 1799, fimbo ya platini, fupi kuliko ile ya muda kwa theluthi ya milimita. Nayo haikuwa sahihi. Tunajua sasa kwamba robo ya mzunguko wa dunia kupitia ncha ni kilomita 10,002, maana yake mita ilitoka fupi kwa takribani milimita 0.2. Kosa kubwa lilitokana na ubapa wa dunia, yaani kubonyea kwake kwenye ncha: walitumia 1/334, na thamani halisi ni karibu 1/298.

Haikudhuru. Mwaka 1798 Ufaransa ilikuwa imewaalika wataalamu wa Uholanzi, Denmark, Uswisi, Hispania na madola ya Italia kukagua hesabu zote kabla ya fimbo kutengenezwa. Waliporudi makwao walirudi na kitu walichoshiriki kukitoa.

Saa isiyokuwa na mlalamikaji

Saa ya kumi ililazimishwa kisheria kuanzia tarehe 22 Septemba 1794. Adhuhuri ikawa saa 5. Dakika mpya moja ilikuwa sekunde 86.4 za zamani, saa mpya moja ilikuwa saa mbili na dakika 24. Haikumaliza hata miezi saba.

Tazama fundi saa alikabidhiwa nini. Saa ya mfukoni ni mlolongo wa magurudumu yenye idadi ya meno iliyopangwa kwa 60 na 12. Kubadilisha uso wa saa ni kazi ndogo, kubadilisha uwiano wa magurudumu ni kutengeneza saa nyingine. Waliojaribu walichora duara mbili uso mmoja, ya zamani na mpya, na mwenye saa akaendelea kusoma ya zamani. Zaidi ya hayo hakukuwa na mtu aliyedhulumiwa na saa 24. Zilikuwa zilezile Paris, Lyon na vijijini. Hakuna kabaila aliyekuwa na dakika pana.

Msemaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana hapa. Saa ya ukutani inaonyesha 7 asubuhi nasi tunasema saa moja. Ratiba za reli, redio na ofisi zimekuwapo zaidi ya karne moja, na bado mama akimwambia mtoto aamke saa kumi na mbili hakuna anayechanganyikiwa, kwa sababu tunahesabu tangu mapambazuko na mapambazuko yetu karibu hayasogei mwaka mzima.

Kalenda iliishi zaidi kidogo na ilichukiwa zaidi. Miezi 12 ya siku 30, kila mwezi makundi matatu ya siku 10, na siku tano au sita za ziada mwishoni. Mfanyakazi aliyepumzika Jumapili 52 kwa mwaka, mbali na sikukuu za watakatifu, sasa alikuwa na siku 36 za mapumziko. Magulio yaliyokutana kila wiki yakagongana. Kanisa likawa limepigwa bila kutajwa. Na mwaka wa kwanza ulianza tarehe 22 Septemba 1792, siku ya kuanza kwa jamhuri ya Ufaransa, tukio ambalo Mhispania au Mdenmark hakuwa na sababu ya kulihesabia umri wake. Napoleon aliifuta kuanzia tarehe 1 Januari 1806. Wanamapinduzi wa Paris waliirudisha mwaka 1871 kwa siku 18.

Kurudi nyuma ili kupona

Mita nayo ilikaribia kufa. Watu hawakupenda majina marefu ya Kigiriki, na wauzaji waliogopa kugawa kwa kumi. Ukiwa na kumi unaigawa kwa mbili na tano tu. Kumi na mbili inagawika kwa mbili, tatu, nne na sita, na ndiyo maana mayai na vitambaa viliuzwa kwa dazeni. Tarehe 12 Februari 1812 Napoleon aliruhusu vipimo vya mazoea: ratili ya gramu 500 kamili, toise, kipimo cha urefu, ya mita 2 kamili, na boisseau ya lita 12.5.

Wengi huliita hilo kushindwa. Mimi naliona ndilo lililoikoa. Ratili ilibaki kwa jina, na ndani yake ilikuwa imekaa nusu kilo. Kizazi kizima kilipima kwa mita kikidhani kinapima kwa toise. Sheria ya 4 Julai 1837 ilipoamuru mita pekee kuanzia tarehe 1 Januari 1840, hakukuwa na ujazo wa kubadilishwa, ni majina tu. Waholanzi walifanya vivyo hivyo tangu 1820 kwa kuyaita mapya kwa majina ya kale, na hadi leo muuza nyama wa Amsterdam akisema ons anamaanisha gramu 100.

Kuanzia hapo mita ilisafiri kwa miguu ya wengine. Mwanahisabati Mjerumani Gauss alipima usumaku wa dunia mwaka 1832 kwa milimita, miligramu na sekunde, wahandisi wa nyaya za telegrafu za baharini wakahitaji kipimo kimoja cha umeme, na tarehe 20 Mei 1875 nchi 17 zikatia saini Mkataba wa Mita. Angalia vizuri orodha ya Gauss: milimita na miligramu za mapinduzi, na sekunde ya zamani. Ndoa hiyo ya mita mpya na sekunde ya kale ndiyo mfumo wa sayansi wa leo. Tangu 1983 mita ni umbali ambao mwanga husafiri katika sehemu moja ya 299,792,458 za sekunde.

Kwetu ilifika kwa njia ambayo wengi hupita juu yake bila kujua. Mwaka 1870 serikali ya Lord Mayo, mtawala Mwingereza nchini India, ikitarajia nchi iingie kwenye mfumo wa mita, ilichagua reli za bei nafuu ziwe na upana wa mita 1 kamili. Mpango wa vipimo ukaachwa, reli zikabaki. Mwingereza alipoanza kujenga reli kutoka Mombasa mwaka 1896 alileta vifaa na utaalamu kutoka India, na upana ukaja navyo, milimita 1,000. Wajerumani, ambao kwao mita ilikuwa sheria tangu 1872, walijenga kutoka Tanga na baadaye Dar es Salaam hadi Kigoma kwa upana uleule. Kisha katika miaka ya 1970 ikaja TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, iliyopaswa kuungana na reli za Zambia na kusini, zenye futi tatu na nusu, milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, upana wa vidole vinne, na kwa ajili yake behewa la reli ya kati haliwezi kuingia TAZARA. Huko Kidatu mzigo unashushwa na kupakiwa upya.

Lumbesa

Mchezo wa ndoo ya bwana haujafa. Tanzania sheria inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Shambani viazi au vitunguu hujazwa hadi mdomoni, kisha gunia huongezewa kilemba cha wavu na kamba, likashonwa likiwa limefura. Hiyo ni lumbesa. Bei inatajwa kwa gunia, na pale ushuru na nauli vinapotozwa kwa gunia, idadi imefungwa na chombo ndicho kinachokua, sawasawa na boisseau. Gunia likifika kilo 130 kwa bei ya gunia moja, mkulima wa magunia 10 ametoa kilo 300 bure.

Kilo ipo kwenye sheria, kipimo kinachotumika shambani ni tele. Dawa ni kuuza kwa kilo, na mizani iwe na alama ya ukaguzi ya Wakala wa Vipimo ya mwaka husika. Kabla ya kuanza, sindano isimame sifurini ikiwa na gunia tupu, au uzito wa gunia uondolewe. Jambo linaloharibika mara nyingi ni mizani ya kuning'inia ambayo springi yake imechoka, na mbaya zaidi ni mizani kuletwa na mnunuzi peke yake.

Hapo mkulima ana msaada ambao watu wa 1795 waliuacha ndani ya kipimo chenyewe. Gramu waliitoa kwenye maji: sentimita moja ya ujazo. Lita moja ya maji ni kilo moja, na kwa joto la nyuzi 25 upungufu ni gramu tatu tu. Dumu la lita 20 lisitumike, maana likijazwa hadi mdomoni hubeba zaidi. Chukua katoni ya chupa 12 za maji za lita 1.5 ambazo hazijafunguliwa, zitundike kwenye mizani ya mnunuzi mbele yake. Inapaswa kusoma kilo 18 na gramu mia chache za plastiki na katoni. Ikisoma 16, viazi visipakiwe.